Triga ya bunduki ya bolti imekuwa nzito mno, niirekebishe hii ilopo au niweke mpya?

MtuWaWete

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nna suali la bunduki, naomba wenye ujuzi wanisaidie.

Mimi ni mtu wa Wete lakini marehemu baba aliacha shamba Pangani, mahindi na minazi, na kule nguruwe pori wakiingia usiku wanalaza konde zima mpaka asubuhi hujui uanzie wapi. Mzee alikuwa na bunduki ya Remington 700, ya risasi za .30-06, ya miaka ya sabini. Alipofariki tuliipeleka polisi kama inavotakiwa, tukaenda na mambo ya mirathi na maombi mapya mpaka leseni ikatoka kwa jina langu. Bunduki inakaa huko huko bara ndani ya kasha la chuma, Pemba siji nayo. Na kwa nguruwe afisa wa wanyamapori anajua, hilo naliweka wazi mapema.

Shida ni triga. Nzito, wallahi. Nalenga vizuri, naanza kuvuta, inasogea kidogo inakwama, inasogea tena inakwaruza, na wakati inafyatuka mtutu ushahama kwenye shabaha. Nimeipima kwa mizani ya ndoano ile ya kupimia samaki, bunduki tupu bila ya risasi, inapita kilo tatu. Jamaa mmoja jirani na shamba kaniambia mbele ya triga kuna skrubu ukiilegeza inakuwa nyepesi, na kama haitoshi akipige tupa kile kijino cha ndani kidogo itakuwa tamu. Mwengine anasema ninunue triga kamili ya kampuni ya Timney nimalize kazi. Nataka kujua lipi la sawa na kwa nini, maana bunduki hii ya baba nataka ikae muda mrefu na nataka nikipiga nipige kwa uhakika, sitaki mnyama aende na jaraha porini.

Fundi Mstaafu (Unguja)

Waalaykum salaam mwanangu. Allah amrehemu mzee wako, na umefanya vizuri kuanza na leseni. Nimekaa na silaha za serikali umri wangu wote wa kazi kwa hiyo ntakujibu kwa urefu kidogo, nivumilie.

La kwanza na uliandike ukutani: tupa isiguse hicho kijino. Vijino vya triga vimetiwa ugumu juu juu tu kwa moto, ile ngozi ngumu ni nyembamba sana. Ukiipiga tupa au msasa unaiondoa, chini yake chuma ni laini, mwanzo utaona imekuwa nyepesi na utafurahi, halafu kila ukipiga kinalika, kinalika, mpaka siku moja bolti, ile komeo ya chuma inayofunga risasi ndani, ukiifunga tu pini inayogonga risasi inakwenda mbele. Na ile pembe ya vijino imepimwa ili vinapoumana vizidi kushikana, mkono wa mtu na tupa hauwezi kuirudisha pembe ile. Huyo jirani mwambie ahsante na umuage.

La pili, uzito na ubaya wa triga ni vitu viwili mbali. Watu wanalalamika "nzito nzito" kumbe kinachowapotezea shabaha ni kule kukwaruza. Triga ya kilo moja na nusu ilokuwa safi, yaani huisikii kusogea kabisa halafu inafyatuka mara moja, ni nzuri kwa shamba kuliko ya nusu kilo inayoburuta. Kwa bunduki ya kuwindia, kilo 1.3 mpaka 1.8 hapo ndo pazuri. Chini ya hapo waachie wanaopiga karatasi uwanjani wakiwa wamelala chini, mikono haina baridi wala jasho wala moyo haudundi. Wewe unapiga usiku, tochi, mnyama anakoroma, kidole kimekufa ganzi, hutaki kitu kinachofyatuka kwa kuguswa.

La tatu, kabla hujanunua chochote uliza imesafishwa lini ndani. Bunduki ilokaa ukanda wa pwani na mafuta ya cherehani yaliyotiwa miaka na miaka, mafuta yale yanakauka yanakuwa gundi, vumbi linanasa, chumvi ya bahari inakula chuma, na hapo triga yoyote duniani itakwaruza. Kilo tatu na zaidi kwa bunduki hiyo si kawaida, kwa hiyo ama mtu aliikaza skrubu zamani makusudi ama ndani kumejaa uchafu. Peleka kwa fundi mwenye leseni ya silaha aitoe kwenye ubao, aioshe kwa petroli ya kujazia viberiti, akaushe, abakishe mafuta kidogo mno au asitie kabisa. Usipulizie WD-40 ndani ya triga, nayo inaacha utando.

Mchake Minnesota

Mimi mtu wa Chake niko Marekani miaka mingi, huku kila mwezi wa kumi na moja watu wanatoka kuwinda kulungu na Remington 700 utaziona kila pahala, kwa hiyo hii bunduki naijua na kuna kitu lazima ukijue kabla ya habari ya wepesi.

Ikiwa ni ya miaka ya sabini na haijabadilishwa kitu basi ndani mna triga wanayoiita Walker, jina la muhandisi wa kampuni Mike Walker. Ilianza na Remington 721 mwaka 1948, ikaendelea kwenye 700 ilipotoka 1962. Triga ile ina kipande cha chuma kidogo katikati, kimekaa juu ya mwili wa triga lakini hakikufungwa nao, kinashikiliwa na springi tu. Ukifyatua kinaachana na triga kwa muda, panakuwa na uwazi, kisha kinarudi pahala pake. Sasa pakiingia uchafu au mafuta yaloganda au kutu kwenye ule uwazi, kipande hakirudi chote, kinachoizuia pini isende kinabaki kimeng'ata kidogo tu kwenye ncha. Hapo ndo inaposemwa bunduki inaweza kufyatuka mtu akitoa sefti tu, yaani kile kifungio cha usalama, au akigusa bolti, bila kidole kuwa kwenye triga.

Si maneno ya vijiweni haya. Mwaka 2000 huko Montana mtoto wa miaka 9, Gus Barber, aliuliwa na risasi ya Remington 700 mama yake alipokuwa anatoa sefti ili aishushe risasi. Baba yake Richard Barber akaifanya ndo kazi ya maisha yake kutafuta nyaraka za kampuni. Katika nyaraka zilizokuja kutoka mkaonekana Walker mwenyewe tangu 1948 alipendekeza mabadiliko ya kuifanya salama zaidi, gharama yake senti tano na nusu kwa bunduki moja, hayakufanywa. Kampuni siku zote imesema triga ni salama na lawama ni matunzo mabaya au watu kuzichezea skrubu. Mwisho ikaja kesi ya pamoja, masuluhisho yake yakapitishwa mahkamani 2017, yanahusu bunduki kiasi cha milioni 7.5, wenye nazo wakapewa nafasi ya kubadilishiwa triga.

Na jengine ambalo linakuhusu wewe hasa: mpaka 1982 sefti ya 700 ilikuwa inafunga na bolti. Maana yake bunduki ikiwa na risasi ukitaka kuitoa huwezi kufungua bolti mpaka utoe sefti kwanza, yaani unaiweka tayari kufyatua ili uifanye salama. Ndo kilichotokea kwa yule mtoto. Kuanzia 1982 wakaliondoa lile kufuli. Yako jaribu ikiwa tupu, weka sefti uinue mkono wa bolti, ukikataa kuinuka ndo ya zamani.

Kwa hiyo jibu langu mimi: hiyo triga isirekebishwe, iondolewe. Bunduki yenyewe nzuri sana, mtutu mzuri, bolti madhubuti, ibakishe. Triga tu.

kijana_mlandege

Mimi naona mnamtisha ndugu yetu. Rafki yangu bara kailegeza ile skrubu ya mbele nusu raundi na bunduki yake inapiga mpaka leo. Kwa nini atoe dola zote hizo kwa kitu ambacho bisbisi inamaliza?

Fundi Mstaafu (Unguja)

Kijana, kupiga mpaka leo si ushahidi wa salama, na ntakueleza kwa nini ili usimwambie mtu mwengine.

Triga ile ina skrubu tatu. Moja inakaza springi, hio ndo ya uzito. Moja inazuia triga isende mbali baada ya kufyatua. Na ya nyuma inaamua vijino viumane kiasi gani, hapo ndo roho ya mtu ilipo. Zote kiwandani zinatiwa lakiri zisisogee. Mtu asojua anaona skrubu anazungusha, hajui kama kaigusa ya uzito au ya vijino. Na hata ya uzito, springi hio hio ndo inayokirudisha kile kipande alichokitaja ndugu wa Minnesota pahala pake kila baada ya kupiga. Ukiilegeza unazidi kukinyima nguvu ya kurudi, na bunduki yenyewe chafu. Umetoka kwenye nzito ukaingia kwenye khatari.

Dola mia na hamsini mpaka mia mbili ni pesa, sikatai, kwa mkulima ni pesa nyingi. Lakini nguruwe hawezi kuila triga ile, itakaa na wewe na mtoto wako.

Mama Konde

Mimi sijui skrubu wala springi ila nimeyasoma yote haya na nna la kusema. Mwanangu huko shamba kuna watu wanaofuatana nawe usiku, yupo wa kushika tochi, yupo mtoto wa ndugu anataka kuona. Kabla triga haijabadilishwa bunduki hiyo isitiwe risasi kabisa. Nguruwe wawashieni moto, wapigieni madebe, wekeni mbwa, mahindi yatapandwa tena msimu mwengine. Na mtutu usielekee kwa mtu hata siku mmoja, ijapo imewekwa sefti na ijapo unaapa haina kitu. Yule mama wa mtoto wa Montana nae hakudhamiria.

MtuWaWete

Shukran sana, na mama yangu Konde nimekusikia, nimeshampigia mtu wa shamba kasha lisifunguliwe mpaka nende mwenyewe. Habari ya bolti naikumbuka kabisa, baba alikuwa akitaka kuishusha risasi lazima atoe sefti, akitoka nje kwanza akaelekeza kwenye kichuguu. Mimi nilidhani ndo mazoea yake tu, kumbe alikuwa ana sababu.

Sasa masuali yamebaki matatu. Kwanza, Timney au kuna nyengine bora? Pili, naipataje mpaka Tanga kihalali? Tatu, ikishawekwa najuaje kama imewekwa sawa, maana fundi anaweza kukwambia tayari na wewe huna hili wala lile.

Mchake Minnesota

La kwanza nakujibu mimi. Timney ni watu wa zamani, tangu 1946, triga yao ya Remington 700 inakuja imeshapimwa kiwandani kiasi cha kilo moja na kitu na unaweza kuomba au kurekebisha ndani ya mipaka yao. Haina kile kipande cha katikati kilicholegea, hilo ndo tunalolitafuta. Wengine ni TriggerTech, wa Canada, wao badala ya chuma kusuguana na chuma wameweka kiringi kidogo kinachozunguka baina ya vijino, inafyatuka laini mno, na kwa hewa ya pwani mimi naipenda ila uchafu bado ni uchafu, itataka kusafishwa. Yoyote kati ya hizo itakufaa, usikeshe usiku mzima mtandaoni ukilinganisha. Muhimu uagize ile ya kuwindia, si ya mashindano inayoshuka mpaka gramu mia kadhaa, na uwaambie wazi bunduki yako ni ya kabla ya 1982 kwa sababu ya lile kufuli la bolti. Triga nyingi mpya hazina sehemu ya kulishikilia, yaani baada ya kubadilisha bolti itafunguka na sefti ikiwa imewekwa, na kwako hio ni faida kubwa kuliko hata wepesi.

Kuna mtu atakuuzia triga ya zamani ya Remington yenyewe, ile ya baadae inaitwa X-Mark Pro. Angalia sana. Zilizotengenezwa kuanzia Mei 2006 mpaka Aprili 2014 kampuni ilizirejesha, gundi ya kiwandani ilitiwa nyingi kupita kiasi na zikaweza kufyatuka zenyewe. Kwenye tangazo lao waliwaelekeza watu watizame uso wa triga, wenye mistari hauhusiki, ulo laini ndo uchunguzwe. Na kampuni ya zamani ilifilisika, 2020 ikauzwa vipande vipande, kwa hiyo kwa kitu cha mitumba usitegemee wa kumlalamikia.

Salum wa Bandarini

La pili nijibu mimi maana mizigo ndo kazi yangu. Usimpe mtu akutilie kwenye begi, si kutoka Marekani wala kutoka Dubai. Sehemu ya silaha ni sehemu ya silaha hata kama ni ndogo kama kiganja, ukikamatwa nayo uwanja wa ndege mtu alokubebea ndo anaolala ndani, na nchi nyengine hawana mchezo kabisa kwenye hilo. Anza polisi wilayani kwako kule ilikosajiliwa bunduki, waambie unataka kubadilisha triga, uwaoneshe leseni, waulize karatasi gani inahitajika, kisha mwachie muuza silaha mwenye leseni Dar aagize yeye kwa jina lake. Itachukua muda na itakuwa ghali zaidi ya bei ya mtandaoni, lakini utalala usingizi. Na bunduki isipande boti kuja huku kwa ajili ya fundi, fundi atafutwe huko huko bara.

Fundi Mstaafu (Unguja)

Sheikh Salum kasema kweli tupu, fuata hayo.

La tatu ni langu. Kazi yenyewe si kubwa. Bunduki tupu, bolti inatolewa, skrubu mbili au tatu za chini zinafunguliwa chuma kinatoka kwenye ubao, pini mbili za pembeni zinagongwa taratibu, triga ya zamani inashuka mpya inapanda. Baadhi ya wakati ubao unataka kuchongwa kidogo ndani ili triga mpya isiguse mbao, na hapo watu wengi wanakosea, triga ikigusa ubao haifanyi kazi sawa na siku za mvua mbao zikivimba ndo kabisa.

Wewe simama pale na umwambie fundi akuonyeshe haya mbele yako, bunduki tupu, chemba mmeitizama wote wawili na kidole kimetiwa. Koki, yaani funga bolti pini ibaki nyuma tayari, weka sefti, vuta triga kwa nguvu, achia, kisha toa sefti bila kugusa triga. Pini isende. Rudia mara nyingi. Koki tena, weka sefti, chezesha mkono wa sefti nusu nusu, usimame katikati, vuta, toa. Isende. Funga bolti kwa nguvu na kwa haraka kama mtu alobabaika, mara kadhaa, pini ibaki nyuma. Halafu ikiwa imekokiwa, kitako kigongwe chini juu ya mkeka mnene, na pembeni igongwe kwa nyundo ya mpira, sefti ikiwa imetolewa. Isende hata mara moja. Ikenda mara moja tu katika zote hizo, haijawekwa sawa, usikubali "itazoea". Triga haizoei.

Mwisho mizani yako ya samaki, ndoano iweke katikati pale kidole kinapokaa, vuta kurudi nyuma moja kwa moja, pima mara kadhaa. Mimi kwa kazi yako ningeiacha kilo moja na nusu. Kipimo kikiwa kinaruka ruka, mara kilo moja mara mbili, kuna kitu kinagusa.

kijana_mlandege

Nimefahamu mzee wangu, na nimemtumia rafki yangu uzi huu wote asome. Suali langu mimi, kufanya mazoezi ya kufyatua bila risasi ili mtu aizoee triga mpya, kunaharibu pini?

Fundi Mstaafu (Unguja)

Ahsante kwa kumtumia, umefanya la maana.

Kwa .30-06 na nyenginezo ambazo fataki yake iko katikati ya kitako cha risasi, hapana, fyatua tu, na ukitaka kuihurumia zaidi tumia risasi bandia za plastiki. Kwa .22 ndogo usifanye, kule pini inapiga ukingoni, na bila risasi inagonga chuma cha chemba. Na mazoezi hayo ni bora kuliko kuchoma risasi ovyo. Nusu saa jioni, chumba kisicho na watu, risasi ziko chumba chengine zimefungiwa, chagua nukta ukutani, weka sehemu nyororo ya ncha ya kidole juu ya triga, si pingili, vuta taratibu ukiitizama nukta. Ukifyatua na nukta haikutikisika umepata.

Mchake Minnesota

Nyongeza moja nisije nikasahau. Chuma kikishatoka kwenye ubao na kurudi, bunduki haitopiga pale pale ilipokuwa inapiga, hata kama darubini haikuguswa. Zile skrubu za chini zikazwe kwa kipimo ilichoandikiwa bunduki hiyo, si kwa nguvu ya mkono, kisha nenda uwanja wa shabaha ulioruhusiwa na risasi zile zile utakazotumia shamba, anza mita 25, kisha 100, urekebishe darubini upya kabla hujaenda kumsubiri nguruwe. Risasi kumi na tano au ishirini zinatosha, na weka kando tatu nne za kuhakikisha wiki ya pili yake baada ya ubao kukaa vizuri.